Kabureta Pacha

Aliyevunja kabureta yetu ni ndama. Nalisema hili mapema kwa sababu mume wangu, hadi uzee wake, alipenda kuwaambia watu kwamba ilipasuka kwa joto wakati anapanda mlima wa Sekenke na mzigo. Si kweli. Mimi nilikuwepo. Alikuwa ameifungua asubuhi, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaianika juu ya gunia uani, akaingia ndani kunywa uji. Ndama wa jirani akakata kamba, akapita uani kwetu mbio akimfuata mama yake, akaikanyaga. Ilikuwa ya madini ya kijivu, laini, ya kuvunjika upesi. Ikawa vipande vitatu, kama chungu.

Mume wangu alitoka na bakuli mkononi. Akavitazama vile vipande, akamtazama ndama anavyotokomea, akanitazama mimi. Kisha akakaa chini kizingitini akaumaliza uji wake.

Hiyo ilikuwa Kinyangiri, miaka michache baada ya vita vya pili, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Mimi nilikuwa mkunga kwenye zahanati ya pale. Si mwenyeji, nilizaliwa Tabora, Mnyamwezi, na kazi nilijifunzia huko huko. Mume wangu ndiye Mnyiramba wa Kinyangiri. Vita vilimfundisha kuendesha na kutengeneza malori ya jeshi, akarudi na sanduku la spana na tabia ya kupiga mluzi kila anapofikiri. Tulikutana hospitalini Tabora alipoletwa na kidole kilichobanwa na jeki. Nilimfunga kidole, akarudi kesho yake nikifungue, ingawa nilikuwa nimemwambia arudi baada ya wiki.

Mama yangu hakumpenda. Alisema nimewaacha makarani wa reli wenye mashati meupe, nikamfuata mtu ambaye hata akioga ananuka mafuta. Harusini hakuja. Alituma khanga mbili na neno moja: "Haya."

Gari lenyewe lilikuwa limezaliwa kabla ya vita. Lilikuwa la Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu, gari la kifahari la silinda sita, lakini kufikia siku tuliyolipata sisi paa la nyuma lilikuwa limekatwa, seremala akapigilia mbao, likawa nusu gari la bwana mkubwa na nusu mkokoteni. Mume wangu alilipata kwa kumtengenezea mfanyabiashara mmoja lori lake msimu mzima. Aliliosha kila Jumapili baada ya ibada. Watu walisema analiosha kuliko anavyolipanda.

Siku mbili kabla ya yule ndama, nilikuwa nimepata barua ya mama. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi hata kwenye karatasi. Aliandikisha hivi: "Nakuja kukuuguza uzazi. Nitashuka Itigi. Mwambie huyo fundi wako, kama gari lake ni gari, aje anipokee. Kupanda lori juu ya magunia sitaki." Ikafuata tarehe ya treni. Zamani treni ilikuwa ikifika mpaka kwetu Kinyangiri, lakini reli ile ilikuwa imeshang'olewa, kwa hiyo Itigi ndiyo ilikuwa njia yake. Tulikuwa na wiki tatu.

Kwa asiyejua, kabureta ni kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Bila hiyo, gari ni kabati. Mume wangu alipanda lori la karanga akaenda mjini Singida kutafuta nyingine. Mwenye duka la vipuri alivitazama vile vipande vitatu ndani ya leso akacheka. Kabureta ya aina ile, alisema, ilikuwa haitengenezwi tena tangu kabla ya vita. Kama anataka gari liende, achague kabureta ya gari lingine, na aombe Mungu zikubaliane.

Ndipo akaenda Sekenke kwa fundi mmoja mzee, aliyefanya kazi na mitambo ya machimbo toka ujana wake. Machimbo yalipopungua nguvu na Wazungu wengi wakaondoka, mzee huyu alibaki, akiokota kila walichokiacha. Mume wangu alikaa siku nne. Siku ya tano lori lilisimama barabarani, akashuka yeye, na nyuma yake akashuka mzee mwenyewe, mfupi, kaptula ya kaki yenye mifuko isiyo na idadi, kofia ya chuma kichwani, amekumbatia kreti la mbao ambalo hakutaka mtu mwingine alishike.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia.

"Marahaba!" alijibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zimemla masikio. "Wewe ndiye mwenye mama anayekuja?"

"Ni mimi."

"Basi tusipoteze muda. Kuna chakula?"

Wakati anakula ndipo mume wangu akanieleza. Mzee alikataa kumpa kabureta yoyote mpaka aione injini yenyewe. "Kabureta siwezi kumpa mtu kama kofia," alikuwa amesema. "Na hata kofia, mtu hupimwa kichwa." Fedha hakutaka. Alitaka debe la asali ya Itigi, ile ya porini, na alitaka aichague yeye mwenyewe. Kwa hiyo, kama tunavyoona, alikuwa amekuja kukaa.

Baada ya kunawa alifungua kreti pale uani. Ndani mlikuwa na machaguo matatu, kila moja limefungwa kwenye kitambaa chake. La kwanza lilikuwa kabureta kubwa ya lori la jeshi, nzito kama jiwe la kusagia. La pili lilikuwa kabureta ndogo iliyotoka kwenye injini ya kuvutia maji machimboni. La tatu halikuwa moja bali mbili, pacha, zimefanana kama mayai. Zilitoka kwenye kigari cha Mzungu kijana aliyependa mbio, akakipindua mtoni.

Mume wangu hakuhitaji kufikiri. Aliinyanyua ile kubwa kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa kubatiza. Mluzi hata hakuupiga.

"Hii," akasema.

Mzee akatikisa kichwa. "Injini yako imechoka. Koo lake jembamba. Mtu wa koo jembamba ukimpa maji kwa ndoo, atakunywa au atapaliwa?"

"Ni silinda sita, Mzee. Silinda sita zinataka kula."

"Haya, mlishe. Mimi natazama."

Waliifunga kesho yake. Mume wangu akazungusha hendeli mbele ya gari, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu injini ikanguruma kwa sauti ambayo Kinyangiri haikuwahi kuisikia. Moshi mweusi ukatoka nyuma, ukafunika choo cha jirani ambamo jirani mwenyewe alikuwemo. Tukapanda wote watatu. Barabarani, likishakolea mwendo, lilikwenda kweli, siwezi kumdhulumu mume wangu. Lilikwenda hata machozi yakanitoka kwa upepo. Kisha mbuzi wakavuka njia, akapunguza mwendo, na injini ikapaliwa. Ikakohoa, ikapiga bomu moja kali, mbuzi wakatawanyika na mchungaji wao akalala kifudifudi. Tulizima pale, tukawasha, tukatembea kidogo, tukakutana na mwinuko, ikapaliwa tena. Petroli tuliyotegemea itufikishe Singida iliishia kwenye mizunguko ya pale pale kijijini.

"Ikikolea ni simba," alisema mume wangu tulipokuwa tunalisukuma kurudi. Yaani walikuwa wanalisukuma wao. Mimi na tumbo langu tulikuwa tunafuata.

"Na isipokolea?" nikamuuliza.

 Mzee ndiye aliyejibu, si kwa maneno. Tulipofika nyumbani alichukua bua jembamba la mtama lililotobolewa ndani na kipande cha bomba pana. Akainama, akapuliza mavumbi kwa bua, mavumbi yakaruka. Akapuliza kwa bomba, mavumbi hayakutikisika.

"Pumzi ni zile zile," alisema. "Njia ikiwa pana mno, hewa inapita kivivu, haina nguvu ya kubeba petroli. Ndiyo maana likienda polepole linapaliwa."

Nilielewa pale pale. Mume wangu naye alielewa, nilimwona, lakini ilimchukua siku mbili kuifungua ile kabureta kubwa, na alipoifungua aliifunga vizuri kwenye kitambaa chake kana kwamba anaiomba radhi.

Ikaja zamu ya ile ndogo ya mashine ya maji. Hiyo iliwaka mara ya kwanza tu. Injini ikatulia, ikawa inalia kama cherehani, hakuna moshi, hakuna kishindo. Nikasema, tumepata. Tukatoka kuijaribu. Penye tambarare ilikwenda kwa adabu. Tulipoanza kupanda kile kilima cha upande wa kanisani, adabu ikawa nyingi kupita kiasi. Mume wangu alikanyaga hadi mwisho, na gari likaendelea kufikiri. Nyuma yetu nikasikia kengele ya baiskeli. Alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti la Jumapili, mkewe amekaa nyuma na kapu la mayai mapajani. Wakatupita. Mzee wa kanisa akageuka, akavua kofia, akauliza kwa upole kabisa:

"Hamjambo? Mnahitaji msaada?"

Nilicheka hadi nikashika tumbo. Mzee wa Sekenke hakusikia swali lakini aliiona baiskeli, naye akacheka mpaka kofia ya chuma ikamwangukia puani. Mume wangu hakucheka mchana wote.

"Lakini inafika," nilimwambia wakati wa chakula. "Petroli hainywi, moshi haitoi. Inafika."

"Itafika," alisema. "Mama yako atakapoingia Kinyangiri, mtoto atakuwa ameshaota meno."

Zikabaki zile pacha. Mume wangu hakuzitaka. Alisema kabureta mbili ni matatizo mawili, na katika hilo hakukosea. Lakini mzee alikuwa anazitazama kwa jicho jingine. Kila moja ilikuwa na koo dogo, kwa hiyo hewa itapita kwa nguvu. Na kwa kuwa ni mbili, kila moja ikilisha silinda tatu, injini haitakufa njaa kama ilivyokufa kwa ile ya mashine ya maji. Shida ilikuwa kuzifunga. Injini ile ilikuwa na mlango wa kabureta moja tu.

Hapo ndipo nilipomheshimu mzee yule. Kwa siku tano alikata mabomba aliyokuja nayo ndani ya lile kreti, akayapinda kwa moto, akapiga tupa vipande vya chuma chini ya kivuli cha ukuta wa tembe letu tangu kupambazuka. Alikuwa anakula kama watu wawili na kulalamika kama watatu. Ugali wa uwele ulimpendeza, maziwa ya mgando yalimpendeza, mlenda hapana. Alisema mlenda ni chakula cha watu wasiotaka kutafuna. Mume wangu alimshikia vyuma, akamchochea moto, na taratibu nikaanza kuusikia tena mluzi wake. Siku zilikuwa zinayoyoma. Zilipobaki siku nne treni ifike Itigi, pacha zilikaa mahali pake, zimeunganishwa kwa fimbo nyembamba ya chuma ili zifunguke kwa pamoja dereva anapokanyaga mafuta.

Injini ikawaka. Na ikaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nilikuwa zahanati, niliporudi mchana na mkoba wangu begani niliwakuta wamesimama kila mmoja upande wake wa boneti, wanagombana kwa kupiga kelele, mmoja kwa sababu ya kutosikia na mwingine kwa sababu ya kutosikiwa.

"Ni ya mbele!" alisema mume wangu. "Inavuta kidogo!"

"Ya nyuma!" alisema mzee. "Ya mbele ni nzima kabisa!"

Nikauliza kuna nini. Mume wangu akanieleza kwamba kabureta mbili lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi, silinda zake tatu zinakimbia, zile nyingine zinabaki nyuma, ndiyo mtetemeko ule. Kuzisawazisha, fundi husikiliza sauti ya hewa inapoingia kila upande. Lakini mzee masikio hana, na yeye mume wangu, kwa kelele za injini, alikuwa hasikii tofauti.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusikiliza kitu kidogo ndani ya kelele nyingi. Mkobani nilikuwa na kile kipembe cha mbao tunachokiweka juu ya tumbo la mama mjamzito kusikia moyo wa mtoto. Nikakitoa.

"Nipisheni," nikasema.

Nikauweka mdomo mpana wa kipembe karibu na kinywa cha kabureta ya mbele, bila kukiziba, nikaweka sikio upande wa pili. Nikasikia mvuto wa pupa, kama mtu anayekunywa uji wa moto kwa mfululizo. Nikahamia ya nyuma. Hiyo ilikuwa inavuta kama mtu aliyelala usingizi.

"Ya mbele inakunywa, ya nyuma inasinzia."

Kwa hiyo mume wangu alikuwa amekosea, na mzee alikuwa amepata nusu tu: ya nyuma ilikuwa na tatizo kweli, lakini ya mbele nayo haikuwa nzima. Wakatazamana. Nikamwambia mume wangu achukue bisibisi.

"Ya nyuma, ifungue kidogo. Tena. Kidogo nimesema! Hapo umepita, rudi. Sasa ya mbele punguza. Bado. Bado. Acha!"

Tulikwenda hivyo, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mimi nimeinama na tumbo langu juu ya bawa la gari, jasho linanitoka, majirani wamejaa uani. Mwishowe nilisikia mvuto mmoja tu pande zote mbili, laini, wa mtu mwenye afya. Nikainuka. Mtetemeko ulikuwa umekwisha. Mzee wa Sekenke aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, kwa sababu kwake hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kusikia. Kisha akavua ile kofia ya chuma, akanipa mkono.

"Mimi nimekaa na mitambo miaka yote hii," alisema, "na sikujua kwamba mkunga ndiye fundi."

Mume wangu akataka kujaribu kipembe. Nikamwonyesha. Akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akatabasamu kama mtoto. Kisha injini ilipozimwa na majirani kuondoka, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Na huyu wetu, nani anamsikiliza?"

Kwa kweli hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mkunga hawezi kusikiliza tumbo lake mwenyewe, shingo haifiki. Tukaingia ndani, nikalala kitandani, nikamwonyesha mahali. Aliweka sikio, akakaa. Muda ukapita. Nikaona uso wake unabadilika.

"Linakwenda mbio sana," alisema kwa hofu.

"Ndivyo linavyotakiwa."

Akasikiliza tena, kwa muda mrefu kuliko alivyozisikiliza kabureta zote mbili. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa, naye akataka kuficha kwa mzaha.

"Skrubu yake iko wapi?"

"Usiguse kitu," nikamwambia.

Tulianza safari siku moja kabla ya treni, jogoo wa kwanza. Mzee alikaa nyuma kwenye mbao. Asali yake, alisema, haiagizwi. Singida tulifika jua halijawa kali. Gari lilipanda bila kukohoa na kushuka bila kupaliwa, na kila tulipompita mwenye baiskeli mume wangu alipiga honi kwa muda mrefu zaidi ya uhitaji. Tulilala Ikungi kwa ndugu zake, na kesho yake saa nne tulikuwa stesheni Itigi.

Mama alishuka na sanduku la bati, gunia dogo la mchele wa Tabora, na uso ule ule. Nilipiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinishika mabega, akanitazama tumbo kwa jicho la mtu anayejua, akaridhika. Kisha akalitazama gari. Mume wangu alikuwa amesimama mbali, macho chini, kama mkwe anavyopaswa. Alimwamkia kutoka pale pale.

"Mwambie mumeo nimeitikia," mama akaniambia. "Na umwambie gari lake lina nusu ya paa."

Mzee wa Sekenke alichukua saa nzima kuchagua asali, akionja kwa kila muuzaji, mpaka wauzaji wakaanza kumkimbia. Hatimaye debe likapanda, naye akapanda karibu nalo. Mbele tulikaa watatu: mume wangu kwenye usukani, mama mlangoni, na mimi katikati kama ukuta, maana mtu na mkwewe hawakai bega kwa bega. Mazungumzo yote yalipita kwangu.

"Mwambie mumeo apunguze mwendo."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Mwambie sijaona."

Tulikuwa bado ndani ya kile kichaka kizito cha Itigi, miti imefungamana pande zote, wakati barabara ilipoharibika. Gari liliruka shimo, likaruka la pili, na baada ya la tatu injini ikaanza kutetemeka. Nguvu ikapotea. Mume wangu akasimamisha, akafungua boneti akaacha injini inaunguruma. Uso wake ulikuwa umepauka. Alidhani vali ya injini imeungua, na kama ni vali, ndani ya kichaka kile tungelala na fisi.

"Mwambie mumeo," mama alianza.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema. Nikachukua kipembe mkobani, nikashuka.

Mama alinifuata. Aliniona binti yake mkunga, na gauni langu jeupe, ninainama kwenye injini ya gari na kusikiliza kana kwamba ni mzazi aliyeko kitandani.  Ya mbele ilikuwa inavuta vizuri. Ya nyuma, karibu kimya.

"Nyuma haivuti," nikamwambia mume wangu.

Akapitisha vidole, akaikuta fimbo ile inayounganisha pacha inaning'inia. Skrubu yake ndogo ilikuwa imeanguka njiani kwa mitikisiko. Ya mbele tu ndiyo iliyokuwa inafunguka. Alicheka kwa nafuu, kisha kicheko kikakatika. Skrubu hakuwa nayo. Mzee alishuka, akapekua mifuko yote ya kaptula. Alikuwa na kila kitu isipokuwa kitu chembamba kiasi kile. Mume wangu alijaribu kijiti, kikavunjika. Akajaribu kamba ya gome, ikalegea.

Mama alikuwa amesimama karibu, anaitazama mikono ya mume wangu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama akifanya kazi. Ile mikono nyeusi kwa mafuta ilikuwa inakishika kile kijifimbo polepole, kwa uangalifu, kama anaogopa kukiumiza. Mama akapeleka mkono begani, akafungua pini kubwa ya kushikia khanga yake, akanipita mimi, akampelekea yeye mwenyewe.

"Baba," alimwambia mume wangu, "hii itafaa?"

Mume wangu aliganda. Kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama."

Pini ilipita tunduni kama iliyotengenezwa kwa kazi ile. Akaipinda kwa koleo. Injini ikatulia. Lakini mama hakurudi garini. Alinyoosha mkono nikampa kipembe, nikamwonyesha pa kukiweka. Akasikiliza mbele. Akasikiliza nyuma. Akarudi mbele tena, kwa hakika.

"Sasa zinakunywa sawasawa," alisema, akanirudishia. "Baba, twende, jua linakwenda."

Kutoka hapo sikuwa na kazi ya ukalimani. Mama aliniegemea ili amwone mume wangu vizuri, akamuuliza petroli inatoka wapi, kwa nini injini haichoki, jeshini walikula nini, na kama ni kweli kwamba Wanyiramba wanalala na ndama ndani ya nyumba. Alijibu yote. Nilisinzia katikati yao, nao wakaendelea juu ya kichwa changu.

Mtoto alizaliwa wiki sita baadaye, wa kike, asubuhi, mama akimpokea kwa mikono yake. Mzee wa Sekenke alikuwa ameshaondoka na debe lake juu ya lori la karanga, lakini alituma salamu na zawadi ya sufuria aliyoifua kwa bati la machimboni, ambayo niliitumia mpaka ikatoboka. Zile pacha zilikaa kwenye gari lile miaka saba. Nilizisikiliza kila mwezi, na mtoto alipokua kidogo mume wangu akanifundisha kuendesha, ili nisimsubiri yeye wajawazito wa mbali waniitapo.

Shida ilikuwa kwamba habari zilienea. Dereva wa lori kutoka Singida alisimama siku moja mbele ya zahanati, siku ya kliniki ya wajawazito, akaingia na kofia mkononi. Alisema amesikia kuna nesi anayesikiliza magari, na lake lina kikohozi. Nilimwambia nitamwona, lakini hapa kila mtu anangoja zamu. Basi akakaa kwenye benchi, katikati ya wanawake kumi na mbili wenye matumbo, ameinamisha kichwa. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa anategemea mtoto wa saba, akamsogelea na kumuuliza taratibu, kwa huruma yote, ana miezi mingapi.